Jua la Mama wa Ubatizo

Mama yangu wa ubatizo alivaa soksi moja. Soksi nyeusi, mguu wa kushoto, imevutwa mpaka chini ya goti, masika na kiangazi. Mguu wa kulia aliuacha wazi, umepakwa mafuta unang'aa. Ukimuuliza, anakwambia baridi ya Sumbawanga inajua mguu wa kuingilia. Watu walicheka, wakazoea, wakaacha kuuliza. Ninaanza na soksi kwa sababu ndiyo iliyonipa ushindi wangu mwishoni, na siwezi kujifanya kwamba ushindi ule sikuufurahia.

Niseme mapema nisije nikamdanganya mtu: sikumpenda alipokufa, na sijaanza kumpenda sasa. Ninachotaka ni kuwa sahihi tu. Kuwa sahihi ndio ugonjwa wangu. Nikiweka kikombe mezani narudi kukitazama kama kimekaa katikati. Nikifunga mlango, naufungua tena nione kama kweli nilikuwa nimeufunga. Ugonjwa huo niliambukizwa na yeye.

Kazi yake kanisani ilikuwa vitambaa vya altare. Alivifua peke yake kwenye beseni ambalo halikuguswa na kitu kingine chochote, akavianika kwenye kamba yake mwenyewe, kisha akavipiga pasi ya mkaa huku amejifunga kitambaa puani ili pumzi yake isivichafue. Mimi alinifundisha kukunja nikiwa bado mtoto wa shule. Pindo juu ya pindo, kona juu ya kona. Ukikosea kwa upana wa ukucha, anakikunjua chote uanze upya. Hakuwa ananipiga. Angenipiga ningepona mapema. Alikitazama kile kitambaa, halafu akanitazama mimi, kana kwamba tulikuwa na doa lilelile.

Hakumwogopa mtu. Tuliletewa padri kijana, ametoka masomoni, anapenda kuhubiri kwa sauti nene. Jumapili ya kwanza, kabla ya misa, mama wa ubatizo alimsimamisha mlangoni mwa sakristia akamgeuza kama mtoto wa chekechea.

"Baba, vua kanzu hiyo."

"Kwa nini, mama?"

"Kola imeingia uchafu nyuma. Wewe huoni, lakini Mungu anakuona na mgongoni."

Misa ilichelewa kuanza. Padri alihubiri akiwa na kola nyeupe kama maziwa, na sauti yake siku ile haikuwa nene.

Neno lake kubwa lilikuwa jua. "Jua ndiyo sabuni ya Mungu," alisema, na alilisema tangu enzi zile ambazo sabuni ya dukani ilikuwa haionekani na watu wanafulia majani. Ilipokuja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa, malori yakawa yanapanda kutoka mpakani Kasesya na sabuni za kila rangi, za kijani, za waridi, za unga kwenye pakiti zenye picha ya mwanamke anacheka, yeye alizinusa akazirudisha. "Sabuni inanukia ili usinuse kilichobaki." Aliendelea kuanika. Alianika magodoro, masufuria, vitabu vya nyimbo, watoto wachanga wenye macho ya njano. Jirani yetu mmoja aliporudishwa nyumbani amelewa pombe ya ulezi hajiwezi, aliwaambia wanawe: "Mlazeni juani. Ulevi nao ni unyevunyevu."

Ruksa hiyohiyo ndiyo ilimpa meza ya mitumba sokoni. Wenzake walifungua belo wakauza palepale, nguo bado zina mikunjo ya safari. Yeye alizipeleka kwanza nyumbani Chanji, akafua kila shati, akaanika ua mzima mpaka nyumba haionekani.

"We mama, unawafulia Wazungu jasho lao?" walimtania.

"Nawafulia nyie. Maana mtakaolivaa ni nyie."

Wateja wakawa wanampita kila mtu kwenda kwake. Mama yangu alisema hakuna shati lililotoka kwa yule mwanamke ambalo lingekutia aibu mbele ya maiti au bwana harusi.

Na mtu huyohuyo alinusa ugoro. Watu wachache walijua. Kikopo alikificha kiunoni ndani ya khanga, na leso ya kupengea aliifua kwa siri, akaianika nyuma ya kihenge, upande wa kivulini, pasipopita mtu. Pale pale ndipo alipoanika soksi. Niliviona vitu hivyo viwili nikiwa mdogo, nikaona ni ajabu: mwanamke aliyeanika mpaka vitabu, kumbe ana vitambaa visivyowahi kuliona jua.

Lazima nitaje mema yake, vinginevyo hesabu yangu haitakuwa sawa. Baba alipopanda lori kwenda Zambia akaamua kutorudi, yeye alikuwa anamtuma mtu kwetu na unga wa ulezi, na hakuwahi kuutaja mbele za watu. Gauni langu la komunyo ya kwanza alilishona mwenyewe kwa pazia la mitumba, na hakuna msichana aliyenishinda kanisani siku ile. Nilijiona nina mama wawili. Ndiyo maana aliponichinja sikuwa nimejikinga.

Mama yangu aliugua ziwa. Lilianza uvimbe mgumu kama punje ya haragwe, ukawa yai, ukapasuka. Hospitalini walisema ni kansa, imechelewa, na mashine za kuichoma ziko Dar es Salaam. Kwetu, Dar es Salaam ilikuwa sawa na kuambiwa mwezini. Tukarudi Chanji na mfuko wa vidonge vya maumivu, na mimi nikawa nesi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu. Nilichemsha vitambaa, nikavipiga pasi pande zote, nikaosha donda asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi. Mama alikuwa ananitania: "Utalipiga pasi na ziwa lenyewe." Lile donda lilikuwa na harufu, sikatai. Donda la kansa lina harufu yake hata ukiliosha kwa maji ya baraka. Lakini lilikuwa safi. Niliapa hivyo wakati ule na ninaapa sasa.

Ilikuwa kiangazi, baada ya mavuno. Chimea cha ulezi kimeanikwa kwenye mikeka kila ua, machicha ya pombe yamemwagwa pembeni, na ng'ombe wa Wasukuma waliohamia bondeni wanapitishwa barabarani kila asubuhi kwenda joshoni. Kwa hiyo kulikuwa na nzi. Mimi nilikuwa nafunika. Mlango ulikuwa na pazia, na mama alilala ndani ya chandarua hata mchana.

Asubuhi moja mama wa ubatizo alikuja kumjulia hali. Alinikuta nafunga donda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa mwanangu, mbona unamfungafunga hivyo kama mzigo wa Kasesya? Kidonda kinataka kupumua."

"Nesi alisema kifunikwe, mama."

"Nesi amezaliwa juzi. Haya, chukua ndoo, nenda bombani. Mimi nitakaa naye."

Mkubwa akikutuma, unakwenda. Bomba siku ile lilikuwa na foleni. Niliporudi nilimkuta mama yangu uani, amelazwa kwenye mkeka katikati ya mikeka ya chimea, kifua wazi, donda linatazama jua. Amefumba macho. Mama wa ubatizo amekaa kwenye kigoda kando yake, anakunja vitambaa vyangu upya, maana nilivyovikunja mimi havikumridhisha. Nzi wa kijani alikuwa ametua. Nilitupa ndoo nikamfunika mama kwa khanga yangu.

"Una papara," aliniambia bila kuinua macho. "Acha lipate jua. Jua ndiyo sabuni ya Mungu."

Halikupita juma. Nikiwa namwosha, mama alinishika mkono akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema kuna mtu anabisha hodi: "Kuna kitu kinatembea humu."

Niliinama nikatazama. Donda lilikuwa linacheza.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Aliyewahi kuona funza kwenye donda anajua, na ambaye hajawaona namwombea asiwaone. Nilikimbia hospitali nikamwomba nesi wa wodi ya wanawake anifuate nyumbani, na alinifuata, Mungu amlaze pema. Alinifundisha kuwaziba pumzi kwa mafuta ya mgando ili wapande juu, kuwatoa mmoja mmoja kwa kibano, kuosha kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kusaga vidonge vya amiba na kunyunyiza unga wake ili harufu ipungue. Nililia nikamwambia namfulia vitambaa kila siku, kwa maji ya moto. Akanijibu: "Najua. Naviona. Nzi hafuati uchafu tu, binti. Anafuata nyama. Anataka apate nafasi ya kutua tu, basi."

Lakini habari ilikuwa imeshatoka. Wanawake wa jumuiya wakaja kusali, mama wa ubatizo mbele. Aliingia, akaona, akarudi hatua nyuma, akaweka upindo wa khanga puani. Mama yangu alikuwa macho. Alikuwa anasikia kila neno.

"Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Ndiyo wasichana wa ruksa hawa. Nywele zake zimesukwa vizuri, mama yake anaoza."

Nilitaka kusema: ni wewe. Kwetu mtoto hamwambii mama wa ubatizo neno kama hilo mbele ya watu, hata kama ni kweli, na hasa kama ni kweli.

Mama alikufa mvua za kwanza. Funza walikuwa wameisha zamani, donda limetulia, lakini hilo halikumfurahisha mtu kulisimulia. Wanawake walipoingia kumwosha maiti, mimi nilikuwa nimeshika beseni. Mama wa ubatizo alinipokonya taratibu, mbele yao wote.

"Tupishe, mwanangu. Kazi hii ulipewa akiwa hai, ikakushinda."

Nikakaa nje ya mlango nikisikiliza maji yanavyomwagwa juu ya mama yangu na mikono ya yule mwanamke.

Kuanzia hapo nikawa na jina. Vijana wa kijiweni walikuwa wananiita: "Mambo vipi, Binti Funza?" Nikawa naitikia "poa", maana usipoitikia wanarudia kwa sauti zaidi. Fundi redio mmoja wa Matai alitaka kunioa. Mama yake na dada zake walikuja kuniona, wamepanda lori la mahindi tangu alfajiri. Nilipika kuku na ugali wa ulezi, nikatandika kitambaa ambacho kona zake nilizipanga, nikazikunjua, nikazipanga tena. Walinawa mikono. Wakatazamana. Dada mkubwa akasema, "Tumeshiba njiani." Toka Matai mpaka Chanji, juu ya magunia, sijui walishibia wapi. Kabla hawajaja kwangu walikuwa wamepita sokoni kununua magauni kwenye meza ya mitumba ya mama wa ubatizo, na yeye alikuwa hajui kunyamaza.

Tangu siku ile nilimchukia kwa utaratibu, kama mtu anayefanya kazi. Nilimsalimia shikamoo kila Jumapili na moyoni nikamwombea. Sitaandika nilichomwombea.

Wakati huohuo nikaendelea kujisomea. Nilikuta sokoni kitabu cha uuguzi kinachanwa kufungia karanga, nikakiokoa kilichobaki. Nilimfuata yule nesi mpaka akachoka na maswali yangu. Wenye madonda wakaanza kuniita, wengi kwa mlango wa uani, wasionekane. Nilifunga miguu ya kisukari, matiti, shingo. Nilikuwa na chandarua changu na kibano changu, na sikurudi nyumbani mpaka kila kitambaa kiwe kimenyooka.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama mmoja mnene mwenye huruma na mdomo mpana, ndiye aliyeniletea habari. Alinikuta napepeta mchele.

"Mwanangu, mama yako wa ubatizo anaumwa."

"Pole yake."

"Hatoki. Tukienda kusali anatupokea uani, miguu ndani ya blanketi. Harufu, mwanangu... tumemwambia hospitali, hataki. Leo kasema mlete yule binti."

"Binti gani?"

Akatazama chini. "Yule wa funza."

Nilicheka. Nilicheka mpaka mchele ukamwagika, halafu nikaokota punje zote, nikaoga, nikavaa gauni langu lililonyooka kuliko yote, nikaenda.

Wanawake walikuwa wameshakaa uani na rozari zao. Ndani palikuwa giza. Madirisha ameyaziba kwa makoti ya mitumba. Alikuwa amekaa kitandani, amekonda, na soksi ipo. Nilimwamkia. Akaitikia. Nikatoa mkasi nikaikata ile soksi toka juu mpaka kidoleni.

Chini yake kulikuwa na kovu la kuungua, kuukuu, limekunjamana mguu mzima. Alimwagikiwa na chungu cha pombe akiwa msichana, alinieleza, na hakutaka mtu alione maisha yake yote. Katikati ya kovu donda lilikuwa limefumuka kama kabichi iliyopasuka. Makovu ya namna ile hugeuka kansa wakati mwingine. Nilikuwa nimesoma hivyo kwenye karatasi za karanga. Na lilikuwa linacheza.

"Nakifua kila siku, mwanangu," alisema haraka. "Kitambaa, soksi, vyote. Kwa maji ya moto."

Niliyajua maneno hayo. Yalikuwa yangu. Nikapanga vitu vyangu kwenye kiti: mafuta ya mgando, kibano, bakuli la maji ya chumvi. Halafu nikasema, kwa adabu yote aliyonifundisha:

"Hapa giza, mama, sioni vizuri. Nitawaita wenzako walioko nje tukutoe uani. Jua ndiyo sabuni ya Mungu."

Alinidaka mkono. Kumbe bado alikuwa na nguvu.

"Usinitoe! Wataongezeka nzi!"

Uani sala zilikuwa zinaendelea. Yeye mwenyewe aliyasikia aliyoyasema. Niliona yanavyomrudia usoni.

"Nani alikwambia jua linaleta nzi?"

Akaniachia mkono.

"Mama. Nani alikwambia?"

"Niliwaona," alisema. "Siku ile. Nakunja vile vitambaa, wakatua. Niliwapunga, wakarudi. Nikasema ni nzi tu."

"Na funza walipotoka?"

"Nilijua."

"Ukasema ni mimi."

Akanitazama kama anayeshangaa swali lenyewe. "Ningesema nani?"

Naungama hapa, wazi. Kibano kilikuwa mkononi mwangu. Maji yalikuwa yamepoa kiasi kinachofaa. Lile donda lilikuwa linamla, na mimi sikumgusa. Nilikwenda dirishani, nikang'oa koti lililoziba, mwanga ukaingia, na sauti za wanawake zikaingia pamoja nao.

"Sema wasikie walioko nje."

"Mwanangu, unaniua."

"Sema."

Akanong'ona: "Mama yako alikuwa safi."

"Pindo halijafika kwenye pindo, mama. Anza upya."

"Mama yako alikuwa safi. Ulimtunza."

"Na funza?"

Nikakaa kwenye kigoda, nikaweka kibano juu ya magoti, nikasubiri. Nimefundishwa kusubiri.

"Funza niliwaleta mimi. Nilimtoa nje, nikamlaza juani, nikamfungua."

"Yote pamoja sasa. Toka mwanzo, na kwa sauti."

Akaanza toka mwanzo. Alisema kwa sauti ile ya sakristia iliyomvua padri kanzu, na ikakatika kidogo tu mwishoni: kwamba mama yangu alikuwa safi, kwamba nilimtunza, kwamba funza aliwaleta yeye na akanitwika mimi. Uani rozari ilikuwa imenyamaza. Halafu mwenyekiti wa jumuiya akasema, taratibu, karibu kabisa na dirisha:

"Tumesikia."

Nikanawa mikono. Nikatundika chandarua juu yake na juu yangu, tukawa ndani yake wawili. Nikampaka mafuta, nikangoja wapande, nikawatoa wote. Nilirudia kutazama kila kona ya lile donda kama ninavyorudia milango. Sikuacha hata mmoja. Sijawahi kufunga donda vizuri kama nilivyolifunga lile. Kitambaa kilikaa juu ya mguu wake kama kile cha altare. Alikuwa analia kimya, na sikumfuta machozi.

Nilipomaliza aliushika upindo wa gauni langu.

"Mwanangu, umenisamehe?"

Nilikunja chandarua. Pindo juu ya pindo, kona juu ya kona, yeye akiangalia. Hakuona pa kunirekebisha.

"Nimekusafisha, mama," nikamjibu, nikatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya wanawake wote.